Kipimo Chake cha Zamani

Jumanne, 11 Machi

Chepchumba amemimina uji wake wote ndani ya gambuti ya baba yake, kiatu chake cha mvua, sasa hivi. Nilikuwa nimegeuka kuchochea moto tu. Nikauliza, "Chepchumba, hii ni nini?" Akasema, "Baba akule." Ana miaka miwili na miezi minne. Sikuweza kumchapa. Nimemwaga uji, nimeosha gambuti, nimeiegemeza mlangoni ikauke, na yeye amekaa karibu nayo kama mtu anayelinda.

Baba yake, Kipkemoi, ako kwenye nyumba ya kupona, upande wa Sotik, tangu tarehe nane Februari. Ni miezi mitatu ndiyo arudi. Pombe ya chang'aa ndiyo ilimpeleka. Mshauri wa hapo alituambia sisi wake tuwe na daftari, tuandike hata neno moja kwa siku, moyo usijae. Mimi sekondari nilisoma muhula mmoja tu, kwa hivyo makosa yapo. Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Kikipsigis vizuri kuliko mimi, lakini Kiswahili cha kuandikwa kinamchosha macho.

Huyo ni Mama Priscah. Tunaishi boma moja, nyumba yake juu, yangu chini, majani chai katikati. Hajanisemesha vizuri tangu siku ile niliweka sahihi Kipkemoi achukuliwe. "Mtoto wangu si mwizi wa kufungiwa," alisema. Na huku Kimulot mimi ni mtu wa kuja tu. Kwetu ni Siongiroi, kwa ng'ombe na vumbi. Siku nyingine anayeniongelesha kutoka asubuhi mpaka jioni ni Chepchumba peke yake, na yeye maneno yake bado ni ya kuhesabika.

Jumatano, 12 Machi

Kikundi. Tunakutana kanisani, kile chumba cha watoto, kila Jumatano saa nane. Janeffer ndiye anatuongoza, mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayezunguka maboma na begi ya bluu. Leo tulikuwa akina mama tisa na mzee mmoja. Tulifundishwa mtu akizimwa na pombe: usimfungie chumbani eti alale iishe. Usimmiminie mursik, yale maziwa ya kibuyu, mdomoni ndiyo ikate pombe, hata kama babu yako alifanya hivyo. Mtu aliyezima hamezi, maziwa yataingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, kaa naye, itisha pikipiki mwende hospitali.

Tukajaribu kugeuza mtu. Wamuyu wa duka la dawa alijitolea awe mlevi. Ni mama mnene, wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kufanya biashara hapa kabla azaliwe. Alilala sakafuni akafunga macho. Tulipomshika mabega akapiga kelele, "Pole pole! Mimi si gunia ya viazi!"

"Mlevi haongei," Janeffer akamwambia.

"Huyu anaongea. Na anataka chai."

Nilicheka mpaka nikaisikia sauti yangu nikashangaa ni ya nani.

Kitu cha mwisho Janeffer alisema tukiwa tumeshasimama. Mtu akikaa miezi bila kunywa, mwili unasahau. Siku akirudia kipimo chake cha zamani, kile kilikuwa hata hakimfanyi apepesuke, kinaweza kumuua. Kwa hivyo kila anayerudi kutoka nyumba ya kupona tunampangia watu wa kumwona kila siku, kwa zamu. Nimeandikisha jina langu.

Ijumaa, 14 Machi

Jua kali. Majani hakuna. Hakuna mtu amepita.

Jumapili, 16 Machi

Simu. Wanapewa dakika kumi. Niliuliza amekula nini, akasema maharagwe. Akauliza ng'ombe wa mama yake, nikasema mzima. Wiki nzima nilikuwa nimepanga maneno kichwani nikichuna, na yote yakapotea. Kila mtu akasikiliza mwenzake akipumua, dakika zikaisha. Chepchumba alibusu simu ikiwa imeshakatika.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua! Imetoka msitu wa Mau saa tisa, ikapiga mabati mpaka sikusikia mtoto akilia, niliona tu mdomo umefunguka.

Jumamosi, 29 Machi

Kipkurui amerudi. Ni rafiki ya Kipkemoi tangu shule ya msingi, walikunywa pamoja, yeye akatangulia kwenda ile nyumba mwezi wa Desemba. Alipita hapa kunisalimia. Uso umekuwa wa mtu! Alimrusha Chepchumba juu akamdaka. Akasema, "Shemeji, Kipkemoi anaosha sahani huko. Mimi nimeona na macho yangu."

"Wacha uongo."

"Na anaimba akiosha. Vibaya sana."

Nimelala na hilo neno. Kipkemoi anaimba.

Zamu yangu ya kumwona Kipkurui ni kila Jumamosi.

Alhamisi, 3 Aprili

Majani yamelipuka. Nachuna peke yangu, mtoto mgongoni, na nikifika mwisho wa mstari nyuma tayari kunamea. Majani yakikomaa karani wa senta ya kupimia chai anayakataa, anayamwaga hapo hapo watu wakiona. Mama Priscah anachuna upande wake. Tunaonana vichwa tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Kipkurui amekufa.

Nitaandika vile nilisikia na vile nilifanya.

Jumamosi kulikuwa na kazi ya kusaidiana kwa jirani yao, kusimamisha zizi. Kazi hiyo kwetu hailipwi, mnafanya mkimaliza mnapewa pombe, ndivyo wazee walifanya. Kipkurui alienda kwa sababu baba yake alimtuma, na mtu wa boma asiyetokea kazini anasemwa. Walipomaliza akasema yeye atakunywa chai. Wakamcheka. Mmoja akasema, "Ama siku hizi wewe ni wa akina Janeffer?" Akachukua glasi. Tatu. Wanasema hivyo kama kitu kidogo, tatu tu, huyo si alikuwa anamaliza tano na anaenda kuchuna majani.

Alianguka. Ndugu zake wakambeba nyumbani, wakamweka kwa stoo ya magunia, baba yake akammiminia mursik, wakafunga na kufuli ili wale wanawake wa kikundi wakija wasimwone amelewa. Waliona aibu. Walijua kuna mtu atakuja.

Huyo mtu ni mimi. Ilikuwa zamu yangu, na sikuenda. Lori ya majani ilikuwa inakuja mapema, mvua ilikuwa inasimama na kurudi, nilikuwa na mistari saba imekomaa. Nikasema nitaenda Jumapili nikitoka kanisani, kwani siku moja ni nini. Nilienda. Nilikuta watu wamesimama nje ya stoo, mlango uko wazi, na mama yake amekaa kwa matope na nguo ya kanisa.

Sijui kama ningeenda wangenifungulia. Pengine wangesema amelala, nami ningerudi. Nimelisema hilo neno mara nyingi tangu jana, halinisaidii.

Nilimwambia Janeffer. Akasema, "Mimi pia nilikuwa na simu, ningepiga." Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimechuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika. Mvua ilijaza kaburi wakalazimika kuyachota maji kwanza. Wanawake wanasema ile nyumba inaharibu watu, inawatoa nguvu ya damu. "Alienda akiwa dume, wakamrudisha kama kifaranga." Nilipokaribia kuchukua chakula wakaanza kuongea habari ya sufuria.

Tukirudi Mama Priscah alitembea mbele yangu njia yote. Kwa lango akageuka. "Mlete mtoto wangu kabla hawajamaliza damu yake."

Nikamwambia imebaki mwezi mmoja tu.

"Kipkurui pia alikuwa na mama alikuwa anahesabu mwezi."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilimwambia kwa simu. Alikuwa ameshasikia. Akasema, "Nilikuwa na kitanda chake. Walinipa kitanda chake alipotoka."

Nimepika chapati nne. Tumekula mbili. Nilipeleka mbili juu kwa Mama, nikakuta amefunga mlango, nikaziacha kwenye kiti.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ng'ombe wa Mama alikata kamba akaingia kwenye nyasi mbichi kando ya mto. Miezi ya jua amekula mabua makavu tu. Akavimba, ubavu wa kushoto ukapanda mpaka mgongoni. Nilisikia Mama akiita, si jina langu, anaita tu mtu yeyote. Hayo ya ng'ombe nayajua, ni ya kwetu. Nilimnywesha mafuta ya kupikia, tukaanza kumtembeza kwa mvua, mimi navuta kamba, Mama anasukuma nyuma, tumezunguka boma sijui mara ngapi. Akabweua. Harufu! Mama akakaa chini kwa nyasi akacheka, mara ya kwanza nimemwona akicheka meno yote.

Alinipa chai. Akasema, akiangalia njia, "Mnyama aliyetoka kwa makavu hapewi mabichi yote siku moja. Unamzoesha. Konzi leo, konzi kesho."

Nikasema ndiyo, Mama.

Nimefurahi leo. Naandika ndiyo nikumbuke.

Jumamosi, 10 Mei

Amerudi. Shati lake halifungi tena tumboni, ndiyo nimejua walikuwa wanamlisha. Chepchumba alijificha nyuma yangu akamchungulia. Kipkemoi akachuchumaa mbali, hakumwita, akaanza kucheza na mawe peke yake mpaka mtoto akaenda kuyachukua.

Wa kumwona: Janeffer, Wamuyu, yule mzee wa kikundi. Mimi nimesema nitamwona kila siku, zamu au si zamu.

Jumanne, 13 Mei

Amechuna mistari minne. Vidole vimesahau, anachuna na mabua.

Ijumaa, 16 Mei

Nilifikiri upweke ungetoka akiingia. Haukutoka. Anaamka, anafanya kazi, anamwosha mtoto miguu, anasema asante kwa kila kitu kama mgeni. Akilala anaangalia ukuta. Zamani nilikuwa peke yangu na nilijua ni kwa nini. Sasa nanyoosha mkono nagusa mgongo wake, naye anajifanya amelala, nami najifanya sijajua.

Lakini jana alikuwa anaimba akifua. Vibaya sana, kweli.

Jumapili, 18 Mei

Mama Priscah anamletea chai ya asubuhi mwenyewe, kwenye kikombe kile cha kifuniko, akishuka polepole kati ya majani isimwagike. Kipkemoi anaimaliza amesimama. Na Mama sasa ananisalimia. Nimeomba kanisani nikashukuru kwa hiyo chai.

Jumatano, 21 Mei

Nilipanda juu asubuhi kurudisha chujio. Mama alikuwa jikoni amenipa mgongo. Kikombe cha kifuniko kiko wazi mezani, na kando yake chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Alikuwa anamimina kwenye kijiko. Harufu ilinifikia kabla sijaongea. Nimefua mashati ya Kipkemoi miaka mitatu, chang'aa haiwezi kunidanganya.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Hakugeuka. Akamimina kijiko kwenye chai, akachukua cha pili, kikamwagika mezani. Ndipo akakaa.

"Kijiko kimoja," akasema. "Tangu Jumatano iliyopita. Jumatatu nikaongeza vikawa viwili. Nataka mwili wake ukumbuke pole pole. Ndiyo siku akianguka asianguke kama Kipkurui."

"Na nani amesema ataanguka?"

"Wote wanaanguka, wewe msichana! Baba yake aliacha mara nne. Mara nne nilishukuru Mungu mbele ya kanisa. Ni nani alimkuta kwa mtaro? Ni mimi. Nilikuwa na kikapu mgongoni, nikafikiri ni koti mtu ametupa."

Miaka mitatu nimekaa boma hili. Nilijua mzee alikufa, sikujua ni hivyo. Hakuna mtu aliwahi kuniambia, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nafikiri ananichukia. Alikuwa anaogopa tu, peke yake, huko juu, na mimi huku chini naogopa kitu hicho hicho.

Nikamwambia, "Mama, Kipkemoi si ng'ombe."

"Najua si ng'ombe! Angekuwa ng'ombe ningemwitia daktari!"

Nilimwaga chai nje, na chupa. Hakunizuia. Nilimwambia leo ni Jumatano, kuna kikundi, na sitaenda kumsema, lakini peke yangu siwezi kubeba hii. Nilifikiri atanifukuza. Saa saba na nusu alishuka amevaa kitambaa cha kanisa. Kulikuwa na mvua, tukajifunika karatasi moja ya nailoni, yeye ameshika upande huu, mimi ule.

Alisimama akayasema mwenyewe, yote, mpaka vijiko. Nilingoja mtu acheke. Wamuyu akasema, "Mama Priscah, mimi nauza dawa, na kama ni mtoto wangu sijui kama nisingefanya hivyo." Janeffer alimshika mkono. Akamweleza vizuri: kijiko hakimzoeshi mtu, kijiko kinaamsha kiu iliyokuwa imelala, na kiu ikiamka haiitishi kijiko. Inaitisha kipimo cha zamani. Akasema Kipkemoi aambiwe, na aambiwe na sisi wawili, kabla akutane nayo peke yake.

Alhamisi, 22 Mei

Tumemwambia. Mama aliongea Kikipsigis, akiangalia mikono yake.

Kipkemoi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua."

Mama akasema, "Ulijua nini?"

"Kijiko cha kwanza nilijua, Mama. Mlevi asijue?"

Nikamuuliza mbona hakusema, kwa nini hakuniambia, mimi niko hapa kila usiku. Akasema, "Nilikuwa nangoja chai ya kesho."

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Janeffer alikuja wakaongea nje karibu saa nzima, sikusikia maneno. Leo asubuhi hakukuwa na kikombe, na nilimwona akiangalia njia ya kutoka juu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeanza kuandika saa kumi na nusu jioni. Kipkemoi alitoka saa sita kupeleka majani senta. Nilisema niende naye, akasema, "Nelvine, nikisindikizwa kila mahali nitajua lini kama naweza?" Nikamwacha. Njia ya chini inapita karibu na boma wanapouza chang'aa, hapo kwa mto. Njia ya juu ni ndefu na inateleza.

Lori imepita kitambo. Wenye vikapu vitupu wamerudi wote, nimewaona. Nimeuliza wawili. Mmoja amesema alimwona kwenye mzani. Mwingine hakumwona kabisa. Simu yake aliiacha hapa inachajiwa.

Nimempigia Janeffer. Yeye na Wamuyu wameshika njia ya juu na yule mzee amekwenda kwa mto. Wameniambia nibaki, akija mwenyewe akute mtu. Nimefanya yote tuliyofundishwa. Nimetandika blanketi chini, si kitandani. Mwenye pikipiki anangoja kwa lango na injini haijazimwa. Sasa hakuna kingine cha kufanya na mikono ndiyo maana naandika. Kama amekunywa kijiko, tutaanza upya kesho, miezi mitatu mingine, mitano, hata miaka. Kama ni zile glasi zake, hakuna kesho.

Mama Priscah ameshuka. Amekaa kwa kizingiti na Chepchumba amelala miguuni pake. Mvua imepungua, ni ile nyembamba. Ameniuliza, "Hiyo kitabu unaandika nini kila siku?"

"Naandika sisi."

"Na mimi niko?"

"Uko, Mama."

Amefikiri. "Andika niliogopa."

Nikamwambia nimeshaandika. Nikamwambia na mimi pia. Amesogea kidogo kwa kizingiti, ni ndogo lakini tumeenea wawili, na bega lake ni joto kuliko nilivyofikiri.

Akilewa anavuta jina langu mwishoni, linakuwa refu, linaanguka upande. Nasikiliza hilo tu. Nasikia mto, nasikia ng'ombe, pikipiki hapo kwa lango, mtu anakata kuni.

Saa kumi na moja kasoro.

Ngoja. Kuna mtu kwenye njia ya juu. Mama amenishika mkono wa kuandikia. Huyo wa njiani anaita. Ni yeye, ni jina langu, fupi, limenyooka, anasema ameteleza na kikapu mara tatu nimletee fimbo, na nyuma yake nasikia Wamuyu akimcheka, na Mama anasema nenda, wewe nenda, mtoto niko naye, na mimi